UMEBADILI PIKIPIKI? BADILI NA MAZOEA YAKO



Katika kazi, hakuna mkubwa anayekupa mashine mpya na kukuambia uiwashe palepale. Kwanza unafundishwa, unaonyeshwa hatari zake, kisha unajaribu mbele ya mtu anayeijua. Lakini siku unaponunua pikipiki, nani anakufundisha? Unalipa, unapewa ufunguo, unaondoka. Saa moja baadaye uko kwenye mteremko wa barabara ya Beni, na mikono yako inafanya kama vile ingali juu ya pikipiki ya zamani.

Leo tunasema na wewe uliyeacha pikipiki ya mbio, ile ya chini inayokulaza juu ya tanki, ukachukua pikipiki ndefu ya safari za mbali. Umechagua vema. Lakini sikia neno hili: kwa siku za kwanza, hatari kubwa iko katika mazoea uliyotoka nayo kwenye ile ya zamani.

TOFAUTI NI NINI?

Pikipiki ya mbio imetengenezwa kwa lami safi. Usukani wake uko chini, resori zake ni ngumu na fupi, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Jiwe moja linatosha kulipasua. Pikipiki ya safari imesimama juu, usukani ni mpana, resori ni ndefu, na gurudumu la mbele ni kubwa ili lipande juu ya mashimo.

Namna hii ya pikipiki ilipata sifa katika mashindano ya Paris–Dakar, yaliyoanza tarehe 26 Desemba 1978. Mshindi wa kwanza, Cyril Neveu, aliendesha Yamaha XT 500. Mwaka 1980 BMW ilitoa R 80 G/S, na mwaka 1981 Hubert Auriol alishinda mashindano hayo juu ya BMW. Watu hao walikuwa wakipita mchanga na mawe. Sisi tunapita matope mekundu, lakini somo ni moja: barabara ndiyo inayochagua pikipiki.

BARABARA YETU

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54. Butembo iko juu katika milima, Beni iko chini zaidi, kwa hiyo safari ina miteremko na kona nyingi. Mwaka 2021 Kongo na Uganda zilianza mradi wa kutengeneza barabara ya Kasindi–Beni na ile ya Beni–Butembo. Lami ni jambo jema, lakini ujue kwamba mahali lami inapokwisha na udongo kuanza ndipo pa kuogopwa. Unafika hapo na mwendo wa lami, na pine zinakutana na kokoto. Punguza mwendo kabla ya kuvuka mpaka huo, wakati ungali kwenye lami.

MAMBO MATANO YA KUJIFUNZA UPYA

1. Freni. Kwenye pikipiki ya mbio ulizoea kukamata freni ya mbele kwa nguvu. Juu ya matope, gurudumu la mbele likikwama, unaanguka kabla hujasema neno. Tumia freni zote mbili, kwa ulaini, na ya nyuma ikusaidie zaidi. Kumbuka pia: mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama inaongezeka mara nne. Kwa kilometa 60 kwa saa unapita karibu mita 17 katika sekunde moja tu.

2. Mteremko. Weka vitesi ndogo kabla ya kuanza kushuka, moteri ikuzuie. Kamwe usizime moteri ili kuokoa esansi. Utaokoa kikombe kimoja cha esansi, lakini unaweza kupoteza mguu.

3. Kona. Juu ya lami ulizoea kuinamisha mwili wako ndani ya kona. Juu ya udongo fanya kinyume: acha pikipiki iiname chini yako, mwili wako ubaki wima, na ukanyage zaidi kikanyagio cha upande wa nje. Mahali penye mashimo, simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tanki, macho yatazame mbali. Ukitazama shimo, utaingia ndani yake.

4. Urefu. Pikipiki ndefu huanguka zaidi ikiwa imesimama kuliko ikiwa inakwenda. Ukitaka kusimama, chagua mahali ambapo mguu wako utafika chini. Barabara ikiwa imeinama, weka mguu upande wa juu. Tanki la litre 20 likijaa linaongeza karibu kilo 15, tena juu kabisa.

5. Mzigo. Kwa kuwa pikipiki ni kubwa, watu watakuona kama lori. Kataa. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na mwili wako, na uzito uwe sawa kushoto na kuume. Mzigo ukiwekwa juu na nyuma kabisa, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza. Kaza resori za nyuma kadiri ya uzito, na upime upepo wa pine kabla ya kuondoka.

SIKU ZA KWANZA

Usianze kwa safari ya Beni. Tafuta kiwanja kitupu, asubuhi, bila abiria. Zunguka polepole kama namba nane. Simamisha pikipiki mara ishirini, kwanza bila mzigo, kisha na mzigo. Ilaze chini kwa makusudi, halafu jifunze kuiinua kwa nguvu ya miguu, mgongo ukiwa umenyooka. Mgongo ulioumia hauwezi tena kushika koleo.

Tena, usiondoke mara tu umetoka zamu ya usiku. Lala kwanza. Safiri mchana, na uulize habari za usalama wa njia kabla ya kuondoka. Mvua ikinyesha, ngoja. Mwenye kusukuma chukudu anajua kungoja matope yakauke. Wewe mwenye moteri usijione mjanja kuliko yeye.

KWA MAMA WA NYUMBA

Mama, na wewe una kazi katika usalama huu. Baba akiwasha pikipiki bila kofia ya usalama, mwite arudi. Ukipanda nyuma, na wewe vaa kofia, na ufunge kitenge vizuri kisiingie ndani ya gurudumu. Usimwombe abebe watoto wawili pamoja na gunia la ndizi. Na akichelewa kwa sababu ya mvua, usimkaripie, maana kesho atakimbia kwa kuogopa maneno.

Ndugu, kule kazini huingii mahali pa hatari bila kofia, bila taa, bila kutazama dari. Barabara nayo inataka adabu hiyohiyo. Wazee walisema: kawia ufike. Bibi na watoto hawakuulizi ulitumia dakika ngapi. Wanataka kusikia sauti ya pikipiki yako ikiingia uani.