Ufadhili wa Chevening: Alama nzuri pekee hazitoshi

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka mwezi wa Agosti unapowadia, vijana wengi waliohitimu vyuo vikuu humu nchini huanza kuulizana kuhusu Chevening, ufadhili ambao serikali ya Uingereza huwapa wanaotaka kusomea shahada ya uzamili katika vyuo vikuu vya nchi hiyo.

Wengi huishia kuulizana tu. Baadhi hawaombi kwa kuwa hawakupata shahada ya daraja la kwanza. Wengine huomba usiku wa mwisho, majibu yao yakiwa yameandikwa na mtu waliyemlipa. Makundi haya mawili hupoteza nafasi kwa kosa lile lile, nalo ni kutoelewa kinachotafutwa na wanaotoa fedha hizo.

Mpango huu ulianzishwa mwaka wa 1983. Mnamo 1994 ulipewa jina la Chevening, ambalo ni jina la jumba moja kubwa katika eneo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, linalotumiwa na mawaziri wa serikali ya nchi hiyo. Fedha zake hutoka hasa kwa Wizara ya Mashauri ya Kigeni ya Uingereza. Tangu uanze, watu zaidi ya 50,000 kutoka pembe zote za dunia wamenufaika, Wakenya wakiwemo.

Kwa kuwa wenye fedha ni wizara ya mashauri ya kigeni wala si idara ya elimu, lengo lao si kumtuza aliyeongoza darasani. Wanamtafuta mtu ambaye, miaka kumi au ishirini ijayo, atakuwa na usemi katika taifa lake na atakayeikumbuka Uingereza kwa wema. Atakayelielewa jambo hili tangu mwanzo ataandika maombi tofauti kabisa na ya asiyelielewa.

Anayefaulu hulipiwa karo, nauli ya ndege ya kwenda na kurudi, na posho ya kila mwezi ya kujikimu. Hata hivyo, ufadhili haugharamii mume, mke wala watoto wa mwanafunzi. Aidha, masomo yenyewe ni ya mwaka mmoja pekee, ya kuhudhuria darasani wakati wote. Anayetaka kusomea uzamifu au kusoma kwa mbali akiwa nyumbani atafute ufadhili mwingine.

Ni nani anayeruhusiwa kuomba? Kwanza, awe raia wa mojawapo ya nchi zinazoshirikishwa, Kenya ikiwa miongoni mwazo. Pili, awe amekamilisha shahada ya kwanza inayoweza kumwingiza katika masomo ya uzamili nchini Uingereza. Vyuo vingi vya huko huridhika na daraja la pili kitengo cha juu. Alama, kwa hivyo, humfikisha mwombaji mlangoni. Kinachomwingiza ndani ni mambo mengine.

Tatu, awe na tajriba ya kazi ya miaka miwili, ambayo huhesabiwa kuwa saa 2,800. Hapa ndipo wengi hujitoa mapema bila sababu. Saa hizo si lazima ziwe za ajira ya kudumu katika ofisi ya Nairobi. Kazi ya muda na kazi ya kujitolea bila malipo pia huhesabiwa. Mtu anayefanya kazi saa 35 kwa juma, majuma 40 kwa mwaka, huzitimiza katika miaka miwili. Lakini mafunzo ya nyanjani yaliyokuwa sehemu ya lazima ya shahada yake hayatahesabiwa.

Jambo jingine linalowatatiza wengi ni kwamba kuna milango miwili, na kila mmoja una ufunguo wake. Maombi ya ufadhili hutumwa kwa Chevening, ilhali maombi ya kujiunga na chuo hutumwa kwa chuo chenyewe. Katika fomu ya ufadhili, mwombaji hutaja kozi tatu anazozitaka. Baadaye ni sharti apate barua ya chuo ya kumkubali bila masharti, angalau katika kozi moja, kabla ya makataa ambayo kwa kawaida huwa mwezi wa Julai. Wapo waliochaguliwa na wafadhili lakini wakakosa kusafiri kwa sababu walichelewa kuviandikia vyuo.

Maombi kwa kawaida hupokewa kuanzia Agosti hadi Oktoba au mapema Novemba. Kiini chake ni maswali manne ya insha. La kwanza huuliza kuhusu uongozi, la pili kuhusu namna mwombaji anavyojenga na kutumia uhusiano na watu wengine, la tatu kuhusu sababu za kuchagua kozi zile, na la nne kuhusu mipango yake ya kikazi baada ya masomo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa afisa wa afya ya umma katika kaunti ya pwani. Akiandika kwamba yeye ni kiongozi shupavu, mchapakazi na mwenye maono, hatakuwa amesema lolote ambalo maelfu ya wenzake hawajalisema.

Lakini tuseme anaeleza kwamba kipindupindu kilipozuka kijijini, wakazi walikataa visima vyao vitiwe dawa wakidhani ni sumu. Aliwaendea wazee na imamu kwanza, akayanywa maji hayo mbele yao, kisha akawafunza wanawake kumi namna ya kuyatibu maji nyumbani. Anakiri pia kwamba kisima kimoja kati ya vitano hakikutibiwa kwa sababu alichelewa kumshirikisha mwenye shamba. Hapo anayesoma atakuwa amemwona mtu, amejua alichofanya, na ametambua kwamba ana ujasiri wa kusema ukweli hata pale aliposhindwa.

Insha nyingine tatu sharti zitoke katika chemchemi iyo hiyo. Wazee, imamu na wanawake wale ndio uhusiano wake na watu. Kozi atakayoichagua iwe ile itakayomfunza jambo ambalo siku ile hakulijua, kama vile udhibiti wa magonjwa ya mlipuko. Mpango wake wa baadaye uonyeshe ni ofisi gani ataihudumu, na ni kitu gani katika kaunti hiyo kitakachobadilika. Afisa huyo akisema ghafla kwamba anataka kusomea biashara ya benki, waamuzi watajiuliza ni lipi la kweli.

Hii ndiyo sababu insha ya kununuliwa haifai. Mwandishi wa kukodiwa hakukijua kisima kile. Isitoshe, Chevening hukataza wizi wa maandishi na huwaonya waombaji dhidi ya kuziachia programu za akili unde kuwaandikia majibu. Hata kama insha hiyo itapenya, kuna mahojiano, ambayo kwa kawaida hufanyika kati ya Februari na Aprili. Waamuzi humwuliza mwombaji kuhusu yale yale aliyoyaandika, na hapo aliyeazima maneno hushikwa na kigugumizi.

Anayeitwa kwa mahojiano hutakiwa pia kuwa na barua mbili za watu wa kumpendekeza. Ni vyema kuwachagua wanaoifahamu kazi yake kwa karibu. Barua ya msimamizi wa zahanati aliyemwona akifanya kazi itamfaa kuliko ya mbunge aliyemsalimia mara moja harusini.

Kuna onyo ambalo wazazi pia wanapaswa kulisikia. Kuomba ufadhili huu ni bure. Hakuna ada ya fomu, hakuna ada ya mahojiano, wala hakuna wakala aliyeidhinishwa kuuza nafasi. Ni kweli kwamba baadhi ya vyuo hutoza ada ya maombi ya kujiunga navyo, lakini hiyo hulipwa kwa chuo chenyewe. Mtu akidai shilingi elfu hamsini ili "asukume faili", huyo ni mlaghai. Mzazi asiuze mtamba wake kwa ajili ya kitu ambacho hakiuzwi.

Mwisho ni sharti la kurejea nyumbani. Masomo yakiisha, mfadhiliwa hutakiwa kurudi katika nchi yake na kukaa huko kwa muda usiopungua miaka miwili. Wapo wanaoliona sharti hili kama mzigo. Lakini kwa taifa ambalo hupoteza madaktari, wauguzi na wahandisi wengi kwa nchi tajiri, huenda hiki ndicho kipengele chenye manufaa makubwa zaidi. Asiye na sababu ya kurudi atapata taabu kuijibu insha ya nne, na pengine ufadhili huu si wake.

Mwenye sababu hiyo asijinyime mwenyewe kabla hajanyimwa. Aanze miezi mitatu kabla ya makataa, aandike yale aliyoyatenda kwa mikono yake, ampe rafiki mkali ayasome, kisha ayaandike upya. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu wa Lodwar au muuguzi wa Hola ambaye amekuwa akiinama kazini miaka yote hii ana mengi ya kusimulia kuliko anavyodhani.