Bujora, Ngoma Zinaposhindania Watu

Ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule wa uwanja, kila moja na manju wake, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo. Hakuna jaji aliyeketi mezani akiandika alama. Mtazamaji akivutiwa na huku, anabaki. Akisikia kule pamenoga, anahamia. Jua likielekea kuzama, upande uliokusanya umati mkubwa ndio ulioshinda. Sijaona mashindano yenye haki kuliko haya, kwa sababu kila mtu aliyekuja, awe mzee au mtoto aliyepanda mabegani mwa baba yake, amepiga kura kwa miguu.

Hivi ndivyo Wasukuma walivyoshindanisha mbina, yaani ngoma zao, tangu enzi za Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19. Wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu, na hadi leo mchezaji hodari ana upande wake. Kila upande ulikuwa na dawa zake za kuvuta watu, na pia ufundi wake. Wachezaji wa Bugobogobo hucheza na majembe, wakiyarusha na kuyadaka, kwa kuwa ngoma yao ilizaliwa shambani, watu wakilima kwa pamoja na ngoma ikiwapa mwendo. Bayeye huingia na chatu. Kwao nyoka si kiinimacho. Chama chao ni shule ya dawa za kuumwa na nyoka, na anayejiunga hujifunza mizizi na majani kabla ya kumshika nyoka mbele za watu. Wapo pia Banunguli, wawindaji wa nungunungu.

Mahali pa kuyaona haya ni Bujora, Kisesa, wilayani Magu, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza mjini. Panda daladala za barabara ya Musoma, shuka Kisesa, kisha upande kilimani kwa miguu au bodaboda. Miaka ya 1950 Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, Kanada, aliamua kwamba Msukuma hana sababu ya kuacha ngoma yake nje ya kanisa. Kanisa la Bujora likajengwa mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, mwezi Juni mara nyingi, ikawa ndiyo Bulabo: maandamano yenye maua, kisha siku nyingi za ngoma. Majira yenyewe yanafaa. Mavuno yameingia ghalani, vijana wana nafasi.

Jirani na kanisa kuna makumbusho ya Wasukuma. Mwaka 1963 serikali ilipofuta mamlaka ya machifu, ngoma na viti vya batemi (machifu hao, mmoja wao ntemi) vingeweza kupotea mikononi mwa wanunuzi. Vingine vilipata hifadhi hapa. Ingia polepole katika jengo la ngoma za kifalme, umwombe mwongozaji akueleze kila ngoma ilitoka kwa ntemi yupi na ilipigwa kwa tukio gani.

Lakini kioo cha makumbusho hakitoshi kutunza mila. Huko Japani, hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha pembeni, kisha la zamani huvunjwa; mara ya mwisho ilikuwa 2013. Kwa njia hiyo fundi mzee humfundisha kijana kazi yenyewe, nyundo mkononi. Bulabo inafanya jambo hilo kila mwaka. Manju lazima alete nyimbo mpya, maana umati hauwezi kuhama kwa wimbo uliochakaa.

Mgeni mwenye siku ya pili aende Kageye, kando ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Kilikuwa kituo cha biashara ya pembe na watumwa, na hapo mpelelezi Stanley aliunganisha mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani, akaanza kulizunguka ziwa Machi 1875. Vitabu vinamtaja yeye; mimi ningependa mgeni asimame ufukweni akawafikirie wapagazi.

Ukifika Magu asubuhi, salimu kwanza: "Mwangaluka." Kwa mama ongeza "mayu". Salamu ya Kisukuma haina haraka, itaulizia nyumbani, watoto na ng'ombe, nawe jibu yote kabla ya kuuliza njia. Ukikaribishwa michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kula. Ndicho chakula kilichovusha familia nyingi miezi ya njaa.

Walimu wa Mwanza, Simiyu na Shinyanga, pangeni safari ya shule iangukie Juni, wakati wa Bulabo, na muwape watoto mchana mzima wa kuchagua wenyewe ngoma ya kuifuata.