Tuyafunze majina ya baharini kabla hayajazama

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kilichoko chini ya bahari nacho humdai mtu azame. Katika pwani yetu, kuanzia Kiunga hadi Vanga, kuna watu wa aina tatu wanaozama. Wa kwanza ni yule ambaye vyombo vya habari humwita mpiga mbizi. Huyu hutafutwa msiba ukishatokea. Wakenya wengi walimfahamu mwaka 2019, gari lilipotumbukia baharini kutoka feri ya Likoni tarehe 29 Septemba na kuopolewa tarehe 11 Oktoba, taifa zima likitazama. Wa pili ni mtalii mwenye mtungi wa hewa mgongoni, ambaye hulipa pesa nyingi ili awatazame samaki kwa muda ambao aghalabu hautimii saa moja, kisha akarejea juu mikono mitupu na moyo umejaa furaha. Wa tatu ni mvuvi, azamaye kwa pumzi zake mwenyewe kutafuta pweza na kamba.

Kwa kuwa wa kwanza ndiye tunayemsikia zaidi, wengi wetu, hasa wenzetu wa bara, tumeizoea bahari kama mahali pa kufia. Wa pili tunamwona kama mgeni mwenye starehe zake. Wa tatu hatumwoni kabisa. Hata hivyo, mtalii ana vifaa na mvuvi ana majina. Hoja ya makala haya ni kwamba elimu yetu ya bahari itabaki nusu hadi vifaa na majina vikutane. Mahali pa kuvikutanisha ni darasani, na lugha ya kuvikutanishia ni Kiswahili.

Tuanze na vifaa. Chombo kinachomwezesha mtu kupumua chini ya maji bila mpira wa kumfunga na mashua kilibuniwa mwaka 1943 na Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan. Wengi hudhani ndani ya mtungi mna oksijeni tupu. La hasha! Aghalabu ni hewa hii hii tuivutayo, ila imeshindiliwa. Kila mtu ashukapo mita 10, kani ya maji inayomkandamiza huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa anga lote lililo juu yetu. Kwa hiyo puto lililojazwa hewa kwenye kina cha mita 10 huwa kubwa maradufu lifikapo juu. Mapafu nayo ni mfano wa puto, na ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mzamaji ni kutozuia pumzi hata mara moja anapopanda. Kanuni nyingine ni kupanda polepole, kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huweza kumpooza mtu. Anayezama kwa kujiburudisha hatakiwi kupita mita 40. Mwalimu wa fizikia angepata wapi mfano mzuri kuliko huu?

Huko chini hakuna maneno. Mdomo umeziba, hivyo mikono ndiyo husema. Kidole gumba kilichoelekezwa juu, ambacho huku nchi kavu humaanisha kwamba mambo ni mazuri, chini ya maji humaanisha "tupande juu". Anayetaka kusema kwamba yu salama huunganisha ncha ya kidole gumba na ya shahada kuwa duara. Mwanafunzi mgeni akizichanganya ishara hizi, mwenzake atampandisha juu ilhali yeye alitaka kusifu tu. Wanafunzi wa isimu watatambua hapa fundisho la Ferdinand de Saussure, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1916: kwamba kinachoifunga ishara na maana yake ni makubaliano ya watumiaji, wala si umbile la ishara yenyewe.

Wazamaji warejeapo mashuani, ndimi hufunguka, na kazi ya kutaja majina huanza. Hapa ndipo lilipo sikitiko langu. Kijana anayewaongoza wageni, mzawa wa Shimoni au Watamu, aghalabu hushika kadi yenye picha na kuwataja samaki kwa Kiingereza, Kiitaliano au Kijerumani. Hilo si kosa, kwani ndiyo kazi yake na ndiyo riziki yake. Lakini nyumbani kwao kila samaki katika kadi ile aliyewahi kuingia chunguni ana jina. Hakuna aliyemwambia kijana huyu kwamba majina hayo yana thamani nje ya jiko, na kwamba ndani yake mna elimu.

Chukua mfano wa pono. Mtu anayelala fofofo husemwa kuwa ana usingizi wa pono. Wanafunzi wetu hukariri msemo huo kwa ajili ya mtihani bila kumjua pono mwenyewe. Ni samaki mwenye rangi za kupendeza, ambaye meno yake yameungana mfano wa mdomo wa kasuku. Mchana kutwa hukwangua mwani juu ya mwamba, akausaga pamoja na mawe, na kutoa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga tunaousifia katika fuo zetu imepita tumboni mwake. Usiku hujificha katika nyufa za mwamba na kulala, na baadhi ya jamii zake hujifunika utando wa ute. Mzamaji mwenye tochi huweza kumsogelea hadi karibu sana asistuke. Msemo ule, basi, si pambo la lugha. Ni taarifa ya utafiti iliyoandikwa na wavuvi waliozama usiku kabla ya mtungi wa hewa kubuniwa.

Mfano wa pili ni papa shilingi. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huweza kupita urefu wa mita 12, na mgongo wake umetapakaa madoa meupe mithili ya sarafu. Huonekana Diani na Watamu hasa wakati wa kaskazi, akichuja viumbe vidogo majini bila kumdhuru mtu. Kiingereza kimemtia nyangumi katika jina lake. Kiswahili kilimwita papa moja kwa moja, na sayansi inakubaliana nacho. Isitoshe, shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921, kwa hiyo huenda jina hili, kwa umbo lake la sasa, si la kale sana. Hii ni dalili kwamba mvuvi wa karne ya 20 alikuwa bado anaunda istilahi bila kungoja kamati. Samaki huyo aliorodheshwa mwaka 2016 miongoni mwa viumbe walio hatarini kuangamia.

Kwa nguva hali ni mbaya zaidi. Muulize mwanafunzi wa sekondari nguva ni nini; pengine atakuambia ni mwanamke wa hadithi mwenye mkia wa samaki. Kumbe nguva ni mnyama halisi, anyonyeshaye watoto wake na kulisha katika nyasi za baharini. Wazee wa Kiunga na Lamu wanamjua. Mwaka 2022, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, ulitangaza kwamba nguva wa pwani ya Afrika Mashariki wako katika hatari kubwa mno ya kutoweka, wale waliokomaa wakiwa hawafiki 250. Neno limebaki vitabuni huku mwenye jina akitoweka majini. Kizazi kinachoamini kwamba nguva ni wa ngano tu hakiwezi kulia akiondoka.

Msomaji asidhani ninadai kwamba lugha ya mvuvi haikosei. Tumbawe katika matumizi yetu ya kawaida ni jiwe. Kwa matumbawe tulijenga nyumba za Lamu na Mombasa, na Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 walitumia mwamba wa asili hiyo hiyo. Lakini anayezama na kutazama kwa karibu huona kwamba lile jiwe lina uhai. Ni kazi ya wanyama wadogo mno wenye minyiri, walioishi pamoja na mwani usioonekana kwa macho, ambao huwalisha na kuwapa rangi. Mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi, mwani huo ulitoka, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, yakiwemo yetu, yalipauka na kufa. Anayeamini kwamba tumbawe ni jiwe hulikanyaga bila wasiwasi. Anayejua kwamba ni kiumbe huinua mguu. Hapa mzamaji ana la kumfunza mvuvi, kama mvuvi alivyo na la kumfunza mzamaji kuhusu pono, na kuhusu bamvua na maji mafu.

Nchi yetu ilitangulia katika uhifadhi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Lakini kwa miaka mingi mvuvi aliziona kama ua lililojengwa kumzuia. Linganisha na Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, ambako wanakijiji wenyewe walitenga takriban hekta 30 za bahari mwaka 2005 na kukataza uvuvi humo. Samaki walirudi, na mwaka 2017 jamii hiyo ilituzwa kimataifa kwa kazi yake. Eneo la namna hiyo huitwa tengefu, neno lililotokana na kitenzi tenga, kama kunjufu linavyotokana na kunjua. Sheria iliyosemwa kwa lugha ya wenyeji hupata walinzi kila nyumba.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba majina ya wavuvi hayana mpangilio: Mvita humwita tewa yule ambaye vitabu humwita chewa, Kiamu kina lake, Kivumba cha Wasini kina lake, na pengine jina moja hubeba samaki kumi. Ni kweli. Lakini tofauti ya tewa na chewa ni ile ile ya mato na macho, na ni somo tosha la lahaja. Palipo na haja ya jina moja la kimataifa, jina la kisayansi la Kilatini lipo. Liandikwe ubavuni mwa jina letu, lisilifute. Wengine watauliza mtoto wa Kitale ana haja gani na pono. Nami nitawauliza mtoto wa Mambrui ana haja gani na theluji ya Mlima Kenya, ambayo tunamfunza bila kuulizwa.

Basi yafanyike mambo matatu. Kwanza, walimu wa Kiswahili na wa sayansi katika shule za pwani waungane, wawatume wanafunzi kwa wavuvi wazee na wanawake wanaookota pweza maji yakipwa, wakaandike majina, tabia na misemo. Mtaala wa umilisi unataka miradi. Huu ni mradi usiohitaji pesa. Pili, watoto wetu wafundishwe kuogelea, kisha wapewe miwani ya kuzamia ili wayaone wanayoyataja. Mwamba wa maji machache hauhitaji mtungi. Tatu, vijana wanaowaongoza wageni watiwe moyo wa kutaja jina la Kiswahili kwanza, kisha la mgeni. Mgeni hakusafiri masafa yote hayo ili asikie tu maneno aliyoyaacha kwao.

Wazee wanaoyajua majina haya wanapungua, na mzee akiondoka na jina ambalo hakuna aliyeliandika, hakuna mpiga mbizi wa kuliopoa. Mwalimu, daftari unalo na wanafunzi unao. Bahari nayo, kwa sasa, bado ina wa kutajwa.