Istilahi za Magari: Kikokotoo cha Safari

Neno "kompyuta" limekwisha kuzoeleka katika gereji zetu, lakini limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mafundi hulitumia kwa mtambo unaotawala injini. Hulitumia pia kwa chombo kinachochomekwa garini ili kusoma hitilafu. Chombo cha tatu humwonyesha dereva wastani wa matumizi ya mafuta, muda wa safari na umbali unaokadiriwa kusalia. Mwenye gari kuukuu akiomba "afungiwe kompyuta", aweza kuuziwa asichokihitaji.

Chombo hiki cha tatu si kipya. Huko Marekani, mnunuzi wa Cadillac Seville ya 1978 aliweza kukipata kwa malipo ya ziada. Tunapendekeza kiitwe kikokotoo cha safari, kutokana na kitenzi "kokotoa", kwa kuwa hakitawali injini wala hakitafuti ubovu. Hufanya hesabu tu. Tendo la kukiweka katika gari lisilokuwa nacho liitwe kuongezea, wala si kutengeneza, maana hakuna kilichoharibika.

Hesabu hiyo yahitaji mambo mawili: umbali na mafuta. Umbali hupatikana kwa kihisi mwendo. Katika gari lenye nozeli za umeme, mafuta hukadiriwa kwa muda ambao nozeli hukaa wazi. Gari la kabureta halina ishara hiyo. Hivyo hapana budi kufunga kihisi mtiririko katika njia ya mafuta. Fundi asiyetofautisha vihisi hivi viwili atafunga kimoja, na kikokotoo hakitakuwa na cha kukokotoa.

Istilahi inayodai uangalifu zaidi ni ile ya umbali uliosalia. Wengi husema "kilomita zilizobaki", kana kwamba zimehifadhiwa ndani ya tangi. Tuchukue mfano wa gari lenye lita 10. Likitumia lita 8 kwa kilomita 100, litakwenda kilomita 125. Lakini likipanda mlima na matumizi yakafikia lita 12, litakwenda kilomita 83 tu. Dereva aliyeamini tarakimu ya kwanza atakwama njiani. Kwa hiyo tunapendekeza makadirio ya umbali, ili jina lenyewe limwonye.

Mafundi, madereva na walimu wa ufundi wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia wao, kwani istilahi isiyokubalika gereji haitadumu kamusini.