Daftari Linalofundisha: Mbinu za Kuandika Notisi

Mwanafunzi wa sekondari au wa chuo hutumia sehemu kubwa ya muda wake wa masomo akiandika, lakini ni nadra kufundishwa namna ya kuandika, na matokeo yake ni kwamba wengi huishia kunakili kila kilichomo ubaoni bila kukitafakari. Notisi, yaani maelezo mafupi ambayo msikilizaji au msomaji hujiandikia, zina kazi mbili ambazo watafiti Di Vesta na Gray walizitenganisha mwaka 1972: kuhifadhi habari kwa ajili ya baadaye, na kumlazimisha mwandishi aichambue habari hiyo wakati uleule anapoiandika. Anayenakili huitimiza kazi ya kwanza na kuipoteza ya pili, ambayo ndiyo hasa inayojenga uelewa. Anayetegemea madesa, yaani notisi zilizoandaliwa na wengine na kusambazwa vyuoni, hupata hasara hiyohiyo.

Kuchagua cha kuandika si jambo la hiari. Mhadhiri anayezungumza kwa mwendo wa kawaida hutamka maneno zaidi ya 100 kwa dakika, na mkono wa mwandishi hauwezi kufikia hata nusu ya kasi hiyo, hivyo anayetaka kuandika kila neno hubaki nyuma na kuikosa hoja inayofuata. Inafaa asikilize mpaka hoja ikamilike, kisha aiandike kwa maneno yake mwenyewe, akitumia vifupisho na mishale ya kuonyesha sababu na matokeo, huku fasili, kanuni na tarehe zikiandikwa kama zilivyotolewa.

Miongoni mwa mbinu zinazojulikana zaidi ni ile iliyobuniwa katika miaka ya 1950 na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani. Ukurasa hugawanywa sehemu tatu: safu nyembamba ya kushoto yenye upana wa takriban sentimita 6, safu pana ya kulia, na nafasi ya takriban sentimita 5 chini. Katika somo la Vita vya Maji Maji, kwa mfano, safu ya kulia itabeba yaliyosemwa darasani: vita vilipiganwa kati ya 1905 na 1907, wananchi walichoshwa na kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyoaminika kuwakinga na risasi za Wajerumani. Baada ya kipindi, mwanafunzi huandika katika safu ya kushoto maswali yanayojibiwa na maelezo hayo, kama vile kwa nini pamba ilichukiwa na imani ya maji iliyaunganishaje makabila mbalimbali, na mwishowe huandika chini ya ukurasa muhtasari wa sentensi mbili au tatu.

Zipo mbinu nyingine, na kila moja ina mahali pake. Mpangilio wa ngazi, ambao huweka hoja ndogo chini ya hoja kuu, hufaa mhadhara uliopangwa vizuri; jedwali hufaa ulinganisho, kama ule wa seli ya mmea na ya mnyama; na ramani ya mawazo, iliyoenezwa na Tony Buzan wa Uingereza, huweka wazo kuu katikati na kulitolea matawi, jambo linalosaidia mada yenye uhusiano mwingi.

Kuhusu kalamu na kompyuta, utafiti wa Mueller na Oppenheimer wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliotumia kompyuta waliandika mengi zaidi, tena neno kwa neno, lakini walijibu vibaya zaidi maswali ya uelewa. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha tofauti kubwa ya alama, ila ziliona tena mwelekeo huo wa kunakili. Tahadhari basi ni dhidi ya kunakili, kwa chombo chochote kile.

Hata notisi nzuri hazitoshi zikiachwa zilale. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha kwamba mtu husahau kwa kasi mara tu baada ya kujifunza, na mwaka 2006 Roediger na Karpicke walithibitisha kwamba wanaojaribu kukumbuka walichosoma hukihifadhi muda mrefu kuliko wanaokisoma tena na tena. Hapo ndipo thamani ya safu ya maswali inapoonekana: mwanafunzi hufunika upande wa kulia, hujibu kwa sauti, kisha hufunua na kusahihisha, siku hiyohiyo na tena baada ya siku chache.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania anayefundishwa kwa Kiingereza, inafaa maswali na muhtasari aanze kuviandika kwa Kiswahili, kisha avieleze upya kwa lugha ya mtihani, kwa sababu asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha anayoimudu bado hajalielewa. Walimu nao wakitenga dakika tano za mwisho wa kipindi kwa kazi hii, watakuwa wamewapa wanafunzi wao stadi itakayowafaa katika kila somo.