Istilahi za Usikiaji na Usemi: Mtoto Asiyesikia na Mtoto Asiye Msikivu

Taaluma mpya inapoingia nchini huja na maneno yake, na kazi ya kuyapatia nafasi katika Kiswahili huwa ni ya wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali. Makala haya yana nia ya kueleza istilahi chache za taaluma ya mawasiliano ya binadamu na matatizo yake, yaani elimu ichunguzayo jinsi mtu anavyosikia, anavyotamka na anavyotumia lugha, na jinsi ya kumsaidia aliyepungukiwa na uwezo huo.

Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya kwanza inayounganisha elimu ya usikiaji na tiba ya usemi. Masomo hayo hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini mhitimu atakayefanya kazi katika hospitali ya Temeke, au ya Mwananyamala wilayani Kinondoni, atamhoji mama aliyetoka Mbagala au Bunju kwa Kiswahili. Akikosa neno sahihi hapo, elimu yake haitamfikia mgonjwa.

Kusikia na usikivu

Kitenzi "sikia" kina maana zaidi ya moja, zikiwemo kupokea sauti kwa sikio, na kutii. Methali isemayo "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" haihusu maradhi ya sikio hata kidogo. Nomino "usikivu" nayo imeelemea upande wa tabia. Mwanafunzi msikivu ni yule mwenye adabu na anayezingatia anayoambiwa.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la pili ambaye masikio yake hutoa usaha mara kwa mara. Darasa lina watoto wengi, naye huketi nyuma. Maneno ya mwalimu humfikia nusu nusu, na akiitwa haitiki. Mwalimu akiandika kwamba mtoto huyu "hasikii" au "si msikivu", mzazi ataelewa kuwa mwanawe ni mtukutu. Neno hilo litamfikisha kwenye fimbo, wala si kwa daktari, ingawa usaha wa sikio ni ugonjwa unaotibika.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba "usikivu" libaki kuwa jina la tabia, na uwezo wa sikio uitwe "usikiaji", kwa kufuata mfano wa "usomaji" na "utamkaji". Kutokana na neno hilo tutapata "upungufu wa usikiaji", "kipimo cha usikiaji" na "mtaalamu wa usikiaji". Ni kweli kwamba "matatizo ya usikivu" yamekwisha kuenea katika matangazo ya afya, na mazoea ni hoja nzito katika lugha. Hata hivyo, istilahi inayomfanya mgonjwa aonekane mkaidi haifai kuendelezwa kwa sababu ya mazoea tu.

Kiziwi na bubu

Mtoto aliyezaliwa kiziwi mara nyingi huitwa bubu. Neno hilo hutaja tokeo na kuficha chanzo. Mtoto huyo ana koo na ulimi vilivyo vizima. Hakujifunza kusema kwa sababu hakuyasikia maneno. Aitwapo bubu, watu humtazama kinywa, na sikio huachwa bila kupimwa.

Viziwi wenyewe wamekwisha kuamua. Chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, na Shule ya Viziwi Buguruni, jijini Dar es Salaam, inajulikana kwa jina hilohilo. Tena kiziwi ana lugha yake kamili, Lugha ya Alama ya Tanzania. Mfasiri asiiite "ishara za bubu".

Sauti, matamshi, mtiririko na lugha

Msemo "hawezi kusema" ni mpana mno kwa cheti cha mgonjwa. Inafaa mambo manne yatenganishwe:

(i) Sauti. Hii hutokea kooni. Mtu ambaye sauti yake hukwaruza au hukauka, kama iwapatavyo walimu wengi, ana tatizo la sauti.

(ii) Matamshi. Mwenye kithembe husema "thatha" badala ya "sasa". Hapa huingia pia tatizo la matamshi la mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka.

(iii) Mtiririko. Kigugumizi huukata mfululizo wa usemi, ingawa msemaji anajua barabara alitakalo kusema.

(iv) Lugha. Baada ya kiharusi, mtu huweza kupotewa na maneno yenyewe, au asielewe aambiwayo. Hali hii haina jina lililozoeleka. Inafaa litoholewe neno "afasia". Kusema kwamba "amepotewa na akili" ni kumdhulumu.

Pia kuna tahadhari moja kwa walimu. Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi "r" na "l", na wasemaji wengi hutamka "samani" wanapokusudia "thamani". Hiyo ni athari ya lugha ya kwanza au mazoea ya mahali. Ni jambo la kurekebishwa darasani kwa mazoezi, wala si ugonjwa wa kupelekwa hospitali.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetupa mfano mwema kwa jina lake lenyewe: hutanguliza mtu, kisha hutaja hali yake. Istilahi za taaluma hii nazo zifuate njia hiyo. Wasomaji wanaombwa wayapime mapendekezo haya katika shule, zahanati na ofisi zao, na walio na maneno bora zaidi wayalete. Mtihani wa kila istilahi uwe huu: je, mzazi akilisikia neno hili, atajua ampeleke wapi mwanawe?