Gari Linavyokipima Kichocheo cha Moshi Wake

Mwanafunzi wa kemia anafahamu kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kumalizika. Kanuni hiyo ndiyo itumikayo ndani ya kopo la chuma lililoungwa kwenye bomba la moshi la gari la petroli. Humo mna vijitundu vingi vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi upitapo, kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu, hugeuka kuwa kaboni dioksaidi. Petroli isiyoungua hugeuka kuwa kaboni dioksaidi na mvuke. Nazo oksaidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni.

Nchini Marekani, tangu magari ya mwaka 1996, sheria inataka gari lenyewe likipime kichocheo hicho. Upimaji hutegemea vihisio viwili vya oksijeni, kimoja kabla ya kichocheo na kingine baada yake. Kompyuta ya injini huongeza na kupunguza petroli kidogo kidogo; kwa hiyo, katika magari mengi, umeme wa kihisio cha kwanza hupanda na kushuka takriban baina ya volti 0.1 na 0.9. Kichocheo kizima kina oksaidi ya seriamu, ambayo huhifadhi oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua. Hivyo kihisio cha pili hutulia. Hiki nacho kikianza kupanda na kushuka kama cha kwanza, ni dalili kwamba kichocheo kimechakaa.

Hata hivyo, kipimo hiki hakifanywi wakati wowote. Kwanza, injini sharti iwe imepata moto, maana injini baridi hupewa petroli nyingi pasipo kufuata vihisio. Pili, kichocheo sharti kiwe na joto la kutosha, kwani mmenyuko huanza vizuri kwenye nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Chini ya hapo hata kilicho kizima kingeonekana kibovu. Tatu, gari liende mwendo wa wastani usiobadilikabadilika. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, petroli huzidi. Akiachia, petroli hukatwa na oksijeni hufurika. Nne, vihisio viwe vizima na silinda zote ziwake ipasavyo, kwa kuwa shahidi mbovu hatoi ushahidi wa kuaminika.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Katika magari mengi, fundi akifuta kumbukumbu ya kompyuta taa ya onyo huzimika, lakini matokeo ya vipimo hufutika pia. Gari linaloendeshwa safari fupi za mjini tu laweza kukaa siku nyingi bila masharti hayo kutimia. Kwa hiyo anayenunua gari lililokwisha kutumika asitosheke na taa iliyozimika. Amwombe fundi asome katika kompyuta kama kipimo cha kichocheo kimekamilika. Kama bado, gari halijathibitishwa kuwa zima wala bovu, na sumu ingali yaweza kutoka katika bomba lake.